Kitufe Kinachomkamata Asiye Mwizi

Kila akitokea mtu wa kulalamika kwamba ametuma hela kwa duka la Instagram na mzigo haukufika, hakosekani wa kumwambia kuwa wenzetu Ulaya na Marekani hawana shida hiyo. Wao wanalipa kwa kadi, na kadi ina dawa yake: unapiga simu benki, unasema hukuridhika, hela inarudi. Hapo linafuata pendekezo ambalo nimelisikia kwenye daladala, redioni na hata mdomoni mwa wanasheria: mitandao ya simu impe mnunuzi uwezo huohuo. Aliyelipa awe na haki ya kurudisha muamala wake asiporidhika, na muuzaji ndiye ahangaike kuthibitisha kwamba alikuwa mkweli.

Napinga. Sipingi kwa kuamini kwamba wauza mtandaoni ni malaika. Wapo wezi, tena wengi, na waliolizwa nao wana haki ya kulia. Napinga kwa sababu kitufe hicho cha kurudisha hela kinachodaiwa hakimgusi mwizi hata chembe. Kinamgusa mwingine kabisa, na huyo mwingine hajaulizwa.

Tuanze na jambo ambalo wakala yeyote wa Mtaa wa Msimbazi analijua. Muamala haurudi bila salio. Hela ikishatolewa au kutumwa mbele, ombi la kuirudisha linakuta akaunti nyeupe, na huduma kwa wateja watakachokupa ni pole. Sasa jiulize, nani huacha salio kwenye simu? Tapeli halazi hela. Yule anayeiba picha za viatu na kuzipandisha kwenye akaunti aliyoifungua juzi, hela ikiingia saa nne asubuhi, saa nne na dakika tano iko mfukoni, na wewe umeshablokiwa. Anayeacha salio ni mtu anayetarajia kuwepo kesho. Anakusanya malipo ya oda za leo ili asubuhi akachukue mzigo, amlipe boda, amalizie mchezo wa kina mama wenzake. Huyo ndiye atakayekutwa nyumbani. Ukiupima ulinzi huu kwa matokeo yake, ni ulinzi unaomkosa mwizi kila mara na kumpata mwaminifu kila mara.

Watetezi wa kitufe huzungumza kana kwamba muuzaji wa mtandaoni ni kampuni yenye ghala, mhasibu na mwanasheria. Waje Kariakoo. Wengi wanaoandika "tunapatikana Kariakoo" chini ya picha zao hawana fremu Kariakoo; kodi ya fremu na kilemba chake si vitu vya mtu anayeanza. Wao ni mawinga waliohamia kwenye simu. Winga wa zamani husimama kona ya Msimbazi na Uhuru, anakushika mkono, anakupeleka dukani, na mwenye duka anamwachia cha juu. Winga wa sasa anapita Congo, Aggrey na Narung'ombe asubuhi, anapiga picha bidhaa kwa ruhusa ya mwenye duka, anazipandisha, kisha anasubiri watu waje DM. Oda ikiingia na hela ikiingia, ndipo anakwenda kununua. Hana mtaji wa kununua kabla. Malipo ya mteja ndiyo mtaji wenyewe.

Chukua mkoba mmoja. Dukani anaupata kwa 28,000, anautangaza kwa 35,000. Mteja yuko Tegeta, boda 6,000, jumla anatuma 41,000. Winga analipa duka 28,000, analipa boda 6,000, anabaki na 7,000 ya jasho lake, ambayo bado haijatoa bando wala chakula cha mchana. Mkoba unafika. Jioni mteja, kwa sababu anayoijua mwenyewe, anaomba muamala urudishwe, na 41,000 yote inarudi. Winga amepoteza 34,000 taslimu ambazo hazikuwahi kuwa faida yake. Ili azifidie lazima auze mikoba mingine mitano, na asile hata senti ya faida ya mikoba hiyo.

"Basi naye arudishe mkoba dukani." Mteja amebaki nao, lakini hata kama angekubali kuurudisha, mshike mwenye duka umwambie hivyo. Karatasi anayokupa Kariakoo imeshapigwa mhuri au kuchapwa maneno ambayo kila mtu ameyazoea: mali ikishauzwa hairudishwi. Naye ukimbana atakwambia kontena la Guangzhou halirudi kwa sababu dada wa Tegeta amebadili mawazo. Hapo unaona kitufe kinafanya nini kwenye mnyororo huu. Kinampa haki ya kurudisha mtu wa mwisho tu, kwenye soko ambalo hakuna mwingine yeyote mwenye haki hiyo. Hasara haiwezi kupanda juu kwa mwenye duka wala kwa mwagizaji. Inatua pale ilipo shingo nyembamba kuliko zote.

Niseme wazi kwamba kibandiko hicho cha "hairudishwi" siki­tetei. Kimetumika kufunika feni zisizozunguka, simu zenye betri mbovu na viatu vinavyoachia soli kabla ya Idd kwisha. Anayetaka kumlinda mlaji kwa dhati angeanzia hapo, juu kabisa, kwa wanaoingiza mzigo mbovu, ambako Tume ya Ushindani ina sheria ya mwaka 2003 na mamlaka ya kuitumia. Kumbana winga kwa ubovu wa mali ambayo hakuitengeneza wala hakuiagiza ni kuchagua anayekamatika kirahisi.

Kosa la msingi la hoja ya kitufe ni kuchanganya mambo mawili yasiyo na undugu. Utaratibu wa kurudisha muamala katika simu zetu ulizaliwa kwa ajili ya mkosaji wa namba. Huduma hizi zilipoanza, M-Pesa ikiingia Tanzania mwaka 2008 na wengine wakifuata, watu walikuwa wanabonyeza tarakimu kumi kwenye simu za vitufe, usiku, chini ya mwanga wa koroboi. Saba ikiwa moja, hela ya ada imekwenda kwa mgeni asiyejulikana. Haki ilikuwa dhahiri: aliyepokea hakutoa kitu, kwa hiyo hadai kitu. Kumrudishia mtumaji hakumpunguzii mpokeaji chochote kilicho chake.

Kujutia bidhaa ni jambo jingine. Hapo aliyepokea ametoa mali. Ukiitumia njia ya mkosa namba kumaliza ugomvi wa mkoba, umeamua kesi kabla ya kuisikiliza, maana njia hiyo imejengwa juu ya dhana kwamba mpokeaji hakutoa kitu. Ndiyo maana mnunuzi mjanja anapopiga simu hasemi "mkoba una rangi tofauti na picha." Anasema "nilikosea namba." Maneno mawili, na mhudumu upande wa pili hana cha kumuuliza zaidi.

Ingawa kipo cha kumuuliza. Ukilipa kwa Lipa Namba, jina la biashara linatokea kwenye kioo kabla hujaweka namba ya siri. Ukituma kwa mtu binafsi, jina lake linatokea vilevile. Mtu aliyeona jina, akathibitisha, akaweka namba ya siri, kisha akamtumia huyohuyo ujumbe wa "nimeshatuma, naomba mzigo utoke leo," hakukosea namba. Ushahidi huo uko kwenye simu zao wote wawili. Sehemu yake kubwa iko kwenye kompyuta za mtandao wenyewe. Kinachokosekana ni mtu aliyeagizwa kuutazama kabla ya kushikilia hela.

Na hela kushikiliwa si jambo dogo kama linavyosikika. Taratibu zinatofautiana kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, lakini winga aliyeshikiliwa 41,000 siku ya Alhamisi ameshindwa kuchukua oda za Ijumaa, na Ijumaa ya mwisho wa mwezi Kariakoo ni siku ya kula au kulala njaa. Hata akishinda Jumatatu, wale wateja wa Ijumaa wameshanunua kwingine, na mmoja wao ameshaandika chini ya picha yake kwamba ni tapeli.

Turudi kwa hao wenzetu wa kadi, kwa kuwa wao ndio mfano unaotolewa. Sheria ya Marekani iliyompa mwenye kadi ya mkopo haki ya kubishia malipo ni ya mwaka 1974. Wanaoitaja hapa mara nyingi hawajaitazama. Kwa ugomvi wa ubora wa bidhaa, sheria hiyo iliweka masharti: bei izidi dola 50, ununuzi ufanyike ndani ya jimbo la mnunuzi au maili 100 kutoka anapoishi, na kwanza ajaribu kwa nia njema kumalizana na muuzaji mwenyewe. Maili 100 ukitokea Kariakoo ni kuvuka Chalinze na kuishia njiani kabla ya Morogoro. Yaani wabunge wa nchi ile tajiri, walipokuwa wanamlinda mlaji, waliona busara kumtaka amfuate muuzaji kwanza, na wakaona tofauti kati ya duka unaloweza kulirudia na la mbali. Tena sheria hiyo ilihusu mkopo, hela ya benki ambayo mteja bado hajailipa. Sisi kadi za mkopo ni za wachache mno. Hapa kinachozungumzwa ni hela iliyokwishahama.

Ni kweli kampuni za kadi zenyewe zilikwenda mbali kuliko sheria. Visa humpa mteja hadi siku 120 kwa madai mengi. Lakini hata huko muuzaji ana nafasi ya kujibu kwa vielelezo: risiti ya usafirishaji, sahihi ya aliyepokea, mawasiliano. Na hata kwa nafasi hiyo, wauzaji wadogo wanalia. Stripe humtoza muuzaji wa Marekani dola 15 kwa kila dai linalofunguliwa dhidi yake. Zigeuze kwa shilingi 2,500 kwa dola: 37,500. Ni zaidi ya bei ya mkoba wetu. Mfumo ukiletwa hapa kama ulivyo, winga atalipa gharama ya kesi inayozidi kitu kinachogombaniwa, na mwenye akili atakubali kushindwa kila mara.

Kwetu wapo wanaoujua mfumo huo kwa kuumwa nao. Waulize wenye kampuni ndogo za utalii za Arusha na nyumba za wageni za Zanzibar kuhusu mwaka 2020. Ndege ziliposimama kwa ajili ya korona, wageni duniani kote walikimbilia benki zao kudai hela za safari, na waendeshaji wadogo waliokuwa wameshalipia malazi na vibali wakajikuta kati ya mgeni anayedai na hoteli isiyorudisha. Mgeni alikuwa na sababu, kwa kuwa safari hakuipata. Ila mzigo ulikwenda kwa aliyekuwa katikati, kama unavyokwenda kwa winga.

Hoja ya pili wanayonipiga nayo ni ya nguvu. Wanasema muuzaji ana nguvu kuliko mnunuzi, na sheria nzuri huegemea mnyonge. Kanuni naikubali. Nauliza tu nani mnyonge. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa hasira ya kodi na kamatakamata, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Juni 2024 wakafunga tena, na serikali ikakaa nao tena. Hiyo ndiyo nguvu: ukiteremsha geti, nchi inasikia. Duka la Instagram halina geti. Dada anayeuza mikoba kutoka chumbani kwake Mbagala akigoma wiki nzima, watakaojua ni wateja wake na shoga zake wawili. Mnunuzi ana namba ya huduma kwa wateja, ana sauti ya umma, ana neno "tapeli" ambalo likishaandikwa halifutiki. Muuzaji ana nini? Na mbele ya mtandao wa simu, yeye naye ni mteja. Ana laini iliyosajiliwa, analipa makato kila siku, pengine mara kumi ya yule anayemlalamikia. Benki Kuu ilipotoa kanuni za kumlinda mlaji wa huduma za fedha mwaka 2019, haikuandika kwamba mlaji ni anayetuma tu na si anayepokea.

Wengine hujibu kwamba ugomvi wote huu una dawa rahisi: lipa ukipokea. Nao ni ushauri wa mtu ambaye hajawahi kupeleka mzigo. Boda anafika Tegeta, simu ya mteja haipatikani. Au inapatikana, ila "mume wangu ametoka na hela, njoo kesho." Nauli ya kwenda imelika, ya kurudi inadaiwa, na 28,000 imelala kwenye mkoba ambao duka halitaupokea. Mteja wa Mwanza au Songea ndiyo kabisa: kifurushi kinapakiwa kwenye basi Stendi ya Magufuli, na hakuna kondakta atakayefungua kifurushi ili mtu ajaribu kiatu ndipo alipe. Lipa ukipokea ikiwa sheria, mikoa yote inafutwa kwenye biashara hii, wabaki wa Sinza na Kinondoni.

Mbaya zaidi ni kile ambacho hofu ya kurudishiwa muamala imeanza kuwafundisha wauzaji. Hela ikiingia wanaitoa papo hapo, wanalipa makato ya kutoa, kesho wanalipa tena kuiweka. Wanapokea kwa laini ya mama, laini ya mdogo, majina matatu kwa duka moja, hadi mteja mwaminifu anaona jina geni na kuhisi anaibiwa. Lipa Namba wanaikwepa, ijapokuwa ndiyo ingewatambulisha kwa jina la biashara. Kwa maneno mengine, muuzaji mwaminifu anajifunza kufanana na tapeli kwa kila kitu: anatoa hela haraka, anabadili majina, haachi salio. Serikali inayohubiri malipo bila fedha taslimu, iliyojenga mfumo wa TIPS ili hela itembee kati ya mitandao papo kwa papo, ingepaswa kuliona hili kabla ya wengine.

Na mwizi wa kweli je? Tunajidanganya kwamba hakuna pa kumpatia. Tangu Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Kila laini iliyopokea hela ya wizi ina jina, ina namba ya NIDA, na mara nyingi wakala aliyetoa hela hiyo anajulikana mahali alipo. Kuna sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2015, kuna namba 15040 ya kupelekea ujumbe wa kitapeli, na Kituo cha Polisi Msimbazi kiko hapohapo sokoni. Ikiwa aliyeibiwa 41,000 akifika kituoni anaambiwa "hela ndogo hiyo, samehe," basi tatizo liko kwenye kaunta ya polisi na kwenye mitandao isiyofuatilia laini zinazolalamikiwa na watu ishirini. Kitufe kinawapa wote hao kisingizio cha kuendelea kukaa. Raia wamalizane wenyewe, anayekutwa na salio alipe.

Ningetaka milango miwili tofauti. Aliyekosea namba abaki na njia yake ya haraka, kwa sharti kwamba mtandao uangalie kwanza kama amewahi kumlipa mtu huyo na kama alilipa kwa Lipa Namba ambako jina la duka lilimtokea. Mwenye ugomvi wa bidhaa apite mlango mwingine: aonyeshe kwamba alimwambia muuzaji na akanyimwa jibu, kisha muuzaji apewe saa chache za mchana za kuleta alichonacho, risiti ya basi, namba ya boda, picha ya mzigo kabla haujafungwa, mazungumzo ya WhatsApp. Kinachoshikiliwa kiwe kiasi cha ugomvi huo peke yake, kwa muda unaojulikana. Bidhaa irudi ndipo hela irudi. Hili la mwisho linanishangaza kwamba linahitaji kusemwa: katika maombi yote ya kitufe niliyosikia, sijasikia hata moja linalotaja mkoba kurudi Kariakoo. Na anayefungua madai ya uongo mara ya tatu, laini yake ifungiwe huduma hiyo kama vile laini ya tapeli inavyopaswa kufungiwa.

Watasema ni urasimu mkubwa kwa shilingi 41,000. Wanaosema hivyo watazame makato ya mwezi mmoja ya muuzaji mmoja anayepokea oda kumi kwa siku, kutuma, kupokea, kutoa, kisha waseme kama hela ya kumlipa karani wa kusoma risiti ya basi haipo. Ipo, na imekuwa ikikatwa tangu 2008, kwa winga na kwa mteja wake pia.